Tovuti za Lualaba zimsemeshe mtu wa Kolwezi

Februari 22, 2025, mamlaka ya Kongo inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati, ARECOMS, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Juni zuio hilo likaongezwa miezi mitatu. Kisha kuanzia Oktoba 16 ukaingia utaratibu wa migao: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka 2026. Katika mji wa Kolwezi, ambako mshahara wa dereva wa lori, kodi ya nyumba na mauzo ya mama wa sokoni hupanda na kushuka pamoja na bei ya madini, hii si habari ya mbali.

Lakini habari za namna hii humfikiaje mtu wa Kapata au Musonoi? Mara nyingi humfikia kama picha: barua yenye nembo, sahihi na muhuri, imepigwa kwa simu ikiwa imelala upande, ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayeipokea huivuta kwa vidole viwili ili asome Kifaransa kilichofifia. Swali la kwanza kundini huwa lilelile: ni ya kweli? Muhuri wa bandia siku hizi hauhitaji fundi. Unahitaji simu na dakika kumi.

Mahali pa kuhakikisha barua kama hiyo pangepaswa kuwa tovuti ya ofisi iliyoiandika. Hapo ndipo kazi ya kubuni tovuti inapoacha kuwa mambo ya rangi na kuwa mambo ya riziki. Tovuti nyingi zinazohusu Lualaba, ziwe za ofisi za umma, kampuni au mashirika, zinaonekana kuandikwa kwa ajili ya mtu aliye London, Beijing au Kinshasa. Zinafunguka na picha kubwa ya shimo la mgodi iliyopigwa kutoka angani, malori ya njano, na sentensi ndefu kuhusu maendeleo endelevu. Mwekezaji anaridhika. Anayeishi ukingoni mwa shimo hilo anatazama mega zake zikiyeyuka.

Na mtu huyo ana swali la msingi la kuuliza. Sheria ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inagawa mrabaha wa madini mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya chini ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kuwa kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, mrabaha wake ni asilimia 10. Maana yake, katika kila dola 100 za thamani ya kobalti, dola 10 ni mrabaha, na katika hizo dola moja na nusu ni haki ya komini, sekta au utawala wa kimila wa mahali hapo: Manika, Dilala, Fungurume, Luilu, Bayeke. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa miradi ya jamii. Kampuni inayouza kwa dola bilioni moja inadaiwa dola milioni tatu.

Hesabu hiyo yote imekaa katika aya moja. Inaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu. Lakini mkazi wa Fungurume anayetaka kujua mwaka jana komini yake ilipata kiasi gani atakutana na nini? Ripoti ya kurasa nyingi kwa Kifaransa, ndani ya faili la PDF ambalo pengine ni picha ya karatasi zilizopitishwa kwenye skana. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Huwezi kunakili sentensi na kuituma. Simu inayomsomea kipofu kwa sauti haioni kitu humo ila picha. Amri ya Mei 20, 2011 ilitaka kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60, na mikataba kadhaa imewekwa mtandaoni kweli. Kutangaza ni jambo moja, kusomeka ni jingine.

Ushauri wa kwanza kwa kijana wa Kolwezi anayepewa kazi ya kutengeneza tovuti, basi, ni kwamba asianze na kompyuta. Aanze na maswali matano ambayo watu huja kuuliza kwenye ofisi ile, au kwenye duka lile. Aende akae kwenye benchi la mapokezi asubuhi moja na kalamu mkononi. Majibu ya maswali hayo ndiyo ukurasa wa kwanza. Salamu za mkurugenzi na picha yake akiwa na tai zinaweza kungoja ukurasa wa nne.

Baada ya hapo aangalie uzito. Ukurasa wa kawaida wa intaneti duniani leo unazidi megabaiti 2. Maneno matupu ya makala kama hii hayafiki kilobaiti 15. Tofauti yote hiyo ni picha, video zinazojichezea zenyewe, na programu ndogondogo zinazomfuatilia msomaji. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na megabaiti 3 au 4. Ikipunguzwa upana ilingane na kioo cha simu, inashuka chini ya kilobaiti 150 na jicho halitaona tofauti. Wakongomani waliokatwa uniti kwa ajili ya ushuru wa RAM kuanzia 2020, hadi ulipoondolewa 2022, hawahitaji kufundishwa thamani ya mega. Mbunifu anayemlazimisha msomaji kupakua video ya lori kabla ya kuona namba ya simu ya ofisi naye anakata uniti, ila yeye hakutungiwa sheria.

Wapo watakaosema tovuti nyepesi haipendezi, na kwamba mteja anayelipa anataka kuona picha zinazozunguka. Ni kweli, mteja huyo yupo, na wakati mwingine ndiye pekee anayelipa kwa wakati. Lakini mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilizindua GOV.UK, tovuti moja iliyochukua nafasi ya mamia ya tovuti za idara zake. Karibu yote ni maandishi meusi juu ya nyeupe, na kanuni yake ya kwanza ni kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la ubunifu la London liliipa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka, mbele ya majengo na mashine zenye sura nzuri kuliko yenyewe. Na ukurasa wa kwanza wa mtandao, uliofunguliwa kwa umma na CERN mwaka 1991, nakala yake inafunguka hadi leo kwenye simu yoyote, kwa sababu una maneno na viungo tu.

Suala la lugha ni gumu zaidi, na ndilo linalokwepwa zaidi. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Sheria yenyewe ya madini, basi, ilipaswa kumfikia mtu wa Kolwezi kwa Kiswahili tangu Mei 2018. Tovuti isiyo na hata ukurasa mmoja wa Kiswahili katika mji ambao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mlunda, Msanga, Mluba na Mchokwe sokoni, inakwenda kinyume na roho ya katiba hiyo.

Hoja inayotolewa ni: Kiswahili kipi? Cha Kolwezi kimejaa Kifaransa, na kile cha Dar es Salaam kinasikika kama cha redio. Hoja ina uzito kiasi. Mtu wa Manika akisoma neno “mrabaha” peke yake anaweza kusita, kwa sababu masikio yake yamezoea redevance. Dawa yake si kuacha Kiswahili. Andika sentensi fupi, tumia neno ambalo watu wanalo mdomoni, na pale neno la sheria linapotokea, liweke pamoja na lile la Kifaransa mara moja, kisha endelea. Tovuti za halmashauri za Tanzania, kwa kasoro zake zote, zinaonyesha kwamba matangazo, zabuni na bajeti vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila dunia kusimama. Na kwa asiyesoma kabisa, sauti ya dakika moja iliyobanwa kama ujumbe wa WhatsApp ina kilobaiti zisizofika 300. Ni nyepesi kuliko ile picha ya lori.

Biashara ndogo hazina haja ya mengi. Hoteli, duka la dawa, fundi wa pampu au shule inahitaji ukurasa mmoja: namba ya simu inayopigika ukiigusa, saa za kazi, bei na kama ni kwa faranga au kwa dola, na mahali ilipo kwa kutaja kituo cha mafuta, kanisa au mzunguko wa barabara ulio karibu. Mgeni wa Kolwezi hafiki kwa kusoma namba ya nyumba. Anafika kwa kumwambia dereva wa pikipiki ashukie wapi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao mafundi wenyewe hawapendi kuuzungumzia. Tovuti inazinduliwa kwa keki na hotuba, mwaka mmoja baadaye anwani yake imekufa. Kijana aliyeitengeneza ameisajili kwa jina lake, ameshika neno la siri, kisha amepata kazi Lubumbashi na kubadili namba. Mwenye tovuti ahakikishe anwani imesajiliwa kwa jina la ofisi yake, ajue inalipiwa lini, na neno la siri liwe kwa watu wawili. Fundi mwaminifu atayasema haya kabla hajaulizwa, hata kama yanampunguzia nguvu ya kudai malipo ya pili.

Kila ukurasa pia uwe na tarehe. Msomaji wa Oktoba 2025 aliyekuta tangazo la zuio la Februari bila tarehe na bila neno kwamba limebadilishwa, angeamini kobalti bado imefungwa kabisa. Tangazo la zamani lisifutwe. Liandikwe juu yake kwamba uamuzi mpya umetoka, na kiungo chake kiwepo. Na kichwa chake kiwe na habari yenyewe, si “Tangazo namba 14”, kwa sababu kichwa hicho ndicho kitakachoonekana kiungo kikirushwa kundini, na ndicho kitakachoshindana na picha ya barua yenye muhuri.

Kabla ya kulipa fedha ya mwisho, mwenye kazi anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Achukue simu ya bei ya kawaida yenye kioo kilichopasuka kidogo, aende nayo Luilu au Kasulo saa ambazo mtandao umejaa, ampe mama anayeuza unga na amwombe atafute jambo moja tu: mwaka jana komini hii ilipata kiasi gani kutoka mgodini? Kisha anyamaze, asimwelekeze, ahesabu dakika.