Mawe ya Nyongo Hayatolewi kwa Mafuta

Katika familia zetu mtu akiumwa tumbo baada ya kula chapati au nyama ya mafuta, husemwa mara moja kuwa ana vidonda vya tumbo. Mimi naona tunakosea tunapokata shauri bila kupima.

Ini hutengeneza nyongo, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu yake huwekwa akiba katika kifuko kidogo chini ya ini, ambamo hupunguzwa maji na kuwa nzito. Chakula chenye mafuta kifikapo katika utumbo mwembamba, kifuko hujikamua, na nyongo huyagawa mafuta matone madogo madogo ili yameng'enywe. Mawe yakijitunga humo na kuziba njia, kifuko hujikamua bure. Hapo huja maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yapandayo hata begani.

Wako wanaoshauri kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili mawe yatoke. Madonge yaonekanayo chooni ni mafuta hayo hayo yaliyoganda kama sabuni. Mawe yamebaki ndani.

Basi, tumpeleke mgonjwa hospitali apimwe kwa altrasaundi. Akiwa na homa au macho ya manjano, asingoje kesho. Akishauriwa kuondolewa kifuko, asiogope: ini litaendelea kutengeneza nyongo, naye ataendelea kula. Kuutunza mwili ni kumshukuru Mungu aliyetupa.