Kasoro ya kiwanda au mkono wa fundi?

Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu aipime ile kandili iliyosahaulika juu ya kabati, hebu igeuze kwanza uitazame kitako. Katika nyumba nyingi za Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, kandili ndiyo iliyotolewa stima ilipopotea. Leo wapo watu wanaozikusanya, na aghalabu kinachowasisimua si taa isiyo na ila, bali ile iliyoponyoka kiwandani ikiwa na kosa: jina lililopigwa kichwa chini, mhuri uliogonga mara mbili, bomba la hewa lililoungwa kombo.

Anza na maandishi. Mkono ulioshika mwali ni alama ya Feuerhand ya Ujerumani, na jina lenyewe maana yake ni mkono wa moto. Ukiona pameandikwa W. Germany, taa hiyo ni ya kati ya 1949 na 1990, nchi ilipokuwa imegawanyika. Dietz ni ya Wamarekani, kampuni iliyoanzia New York mwaka wa 1840. Kwenye karabai utakuta Petromax ya Ujerumani, Tilley ya Uingereza au Coleman ya Marekani, ambayo mara nyingi huwa na mwezi na mwaka chini ya tangi.

Sasa tuje kwenye utata wenyewe. Muuzaji wa Gikomba anakuonyesha kandili yenye tundu pasipostahili tundu, naye aapa kwamba ni kosa la kiwandani, kwa hivyo bei ni mara tatu. Itazame rangi. Tundu lililotobolewa kabla taa haijapakwa huwa na rangi mpaka ukingoni. Lililotobolewa baadaye kwa msumari huonyesha bati tupu au kutu, na ukingo wake umebonyea. Lehemu pia husema: ikiwa imekaa juu ya rangi au juu ya kutu, hiyo ni kazi ya fundi. Na taa iliyopakwa upya ikang'aa? Hiyo imefichwa yote, usiilipie kasoro usiyoweza kuithibitisha.

Kuna na ujanja wa herufi. Vijana wengi hudhani jina lililokosewa ni hazina. La hasha! Chapa ya kiwanda huweza kuteleza ama kugonga mara mbili, lakini jina lenye herufi iliyopungua au iliyobadilishwa kwa kawaida ni bidhaa ya kuigiza. Mapovu kwenye kioo cha zamani nayo ni jambo la kawaida, wala yasikutoe nauli ya wiki nzima.

Sisemi haya kuwadharau mafundi. Mimi, ningepewa nichague, ningechukua kandili iliyotiwa kitako kipya na fundi wa Kamukunji badala ya ile yenye mhuri uliopinda. Ila mnunuzi ajue analipia kipi.

Ukishainunua, usiisugue kwa mchanga wala majivu kama sufuria. Utafuta maandishi na rangi, yaani ushahidi wote. Kitambaa laini na maji ya sabuni yatosha.

Wazazi, karabai isichezewe na watoto. Tangi linalovuja hewa au mafuta linafaa kukaa rafuni tu, hata kama uvujaji huo ni kosa la kiwandani la kweli. Vile visoksi vyeupe vya zamani vingi vilitiwa toriamu, madini yenye mionzi kidogo, basi kikipasuka usivute vumbi lake. Na jambo la mwisho: Petromax na Tilley nyingi hutumia mafuta ya taa, lakini Coleman nyingi ziliundwa kwa petroli maalumu isiyo na rangi. Ukitia petroli kwenye taa ya mafuta ya taa, waweza kuichoma nyumba.