KISARAWE: ELIMU SI SADAKA YA MKUU WA WILAYA

Kisarawe iko mlangoni mwa Dar es Salaam. Ukiondoka Gongo la Mboto, ukapita Pugu na kupanda kilima, umeshafika makao makuu ya wilaya. Mkaa wa mama ntilie na muhogo unaochomwa kando ya vituo vya daladala, sehemu yake hutoka huko. Lakini ukiuacha mji huo mdogo ukaelekea Maneromango, Mzenga, Vikumburu hadi Mafizi, unaingia nchi nyingine. Vijana wengi wanaopanga bidhaa chini pale Kariakoo walianzia safari yao katika vijiji kama hivyo, kama si vya Kisarawe basi vya wilaya nyingine iliyo pacha wake.

Leo tunauliza swali moja. Shule ya kijiji inaendeshwa kwa haki au kwa hisani?

Mwaka 2018 Rais Magufuli alimteua Jokate Mwegelo kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Wasomaji wetu wanamfahamu tangu enzi za urembo na filamu. Binti huyo alikuta wanafunzi wa sekondari wanaangukia daraja sifuri, akaanzisha kampeni aliyoiita "Tokomeza Zero". Wenye fedha wa mjini wakachangishwa, na hatimaye wilaya ikapata shule ya sekondari ya wasichana iliyopewa jina lake. Hatuna ugomvi naye. Mtu akizima moto kwa ndoo yake mwenyewe, mpe asante. Ila baada ya asante ni lazima tuulize: gari la zimamoto lilikuwa wapi?

Mwaka 2021 Jokate alihamishiwa Temeke. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais, na Rais akitaka humhamisha kesho asubuhi. Je, wilaya ambayo haikubahatika kupata mkuu mwenye jina mjini, mwenye simu za matajiri mfukoni, watoto wake wafeli tu? Tanzania ina wilaya zaidi ya 100. Warembo wa kuzigawia wote hao watatoka wapi?

Wapo watakaosema tunatia chumvi, kwamba Serikali inatoa fedha na elimu ni bure. Basi tuweke hesabu mezani.

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza, Serikali iliahidi ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kiwango kilikuwa dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa kama shilingi 10,000. Kwa miaka mingi hata hizo hazikuwa zikifika zote shuleni. Zilikuwa zinapita mikono mingi, na kila mkono una vidole.

Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, Serikali ilifanya jambo la maana ambalo hatutalificha. Fedha zikaanza kwenda moja kwa moja kutoka Hazina hadi akaunti ya shule. Zilitangazwa shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi, na nchi nzima ikapiga makofi. Lakini kiwango cha mwanafunzi kilibaki shilingi 10,000 ile ile ya 2002, wakati dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,100. Kwa maneno mengine, mtoto wa 2016 alipewa chini ya nusu ya alichoahidiwa kaka yake wa 2002. Nauli, chaki na bati havikusimama kumsubiri.

Si hivyo tu. Katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu kwa pamoja. Zilizokwenda shuleni zilikuwa 6,000 kwa mwaka, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Na vitabu vyenyewe? Mwaka 2017 Bunge lilitikisika kwa kelele za makosa yaliyojaa ndani ya vitabu vipya vya watoto.

Sasa chukua shule mbili za mfano. Moja iko mjini, ina wanafunzi 2,000. Kwa shilingi 500, inapata milioni 1 kwa mwezi. Nyingine iko ndani kabisa, kijiji cha nyumba zilizotawanyika, ina wanafunzi 200. Inapata shilingi 100,000 kwa mwezi. Hiyo 100,000 inunue chaki na karatasi za mitihani, izibe paa linalovuja, irekebishe choo, na imlipie mwalimu mkuu nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Mwalimu wa mjini anatembea kwa miguu hadi ofisi ya elimu, mwenzake wa kijijini anapanda bodaboda halafu basi. Nani mwenye gharama kubwa zaidi? Na nani anayepewa kidogo?

Kuna kichekesho kingine ndani ya hesabu hiyo hiyo. Wakati elimu bila ada inaanza, mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipangiwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatumwonei wivu, kazi yake ni ngumu na anastahili. Ila tazama: shule yenye watoto 200 inapewa nusu ya posho ya mtu mmoja. Aliyepanga hesabu hii alikuwa anafikiria shule za mjini, hakuwahi kufika Mafizi.

Mtu atasema: basi halmashauri iongezee kutoka mfukoni mwake. Mfuko upi? Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyowafanya wanaume walale porini wakiwakimbia mgambo. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima akapumua. Sawa. Lakini halmashauri ya jiji ina hoteli, viwanda na maduka ya kuitoza ushuru wa huduma. Halmashauri ya vijijini ina muhogo na mkaa. Ukimwondolea maskini chanzo chake usipompa kingine, umemfanya ombaomba. Ndiyo maana Mkuu wa Wilaya alilazimika kuja Dar es Salaam na bakuli.

Mzazi naye alifungwa mikono. Januari 2018 Rais aliagiza michango ikome katika shule za Serikali, na walimu wakakatazwa kugusa fedha za wazazi. Kero ilikuwapo kweli, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa mlinzi. Lakini tazama maajabu ya mwaka huo mmoja. Mzazi wa kijijini anayetaka kuchangia debe la mahindi ili mwanawe apate uji shuleni anaogopwa kama moto, huku wenye suti wakikaribishwa kuchangia mamilioni na kupigwa picha. Mchango wa maskini ukaitwa kero, wa tajiri ukaitwa uzalendo.

Twende kwenye utawala. Shule ya kijiji ina mabwana wangapi? Mtaala na sera ni vya Wizara ya Elimu. Usimamizi wa kila siku ni wa TAMISEMI, kupitia Mkurugenzi wa halmashauri na maofisa elimu wake. Ajira na nidhamu ya mwalimu viko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya ameteuliwa na Rais. Mwananchi amemchagua diwani tu, na diwani hawezi kumhamisha hata mhudumu wa ofisi.

Chini kabisa ipo kamati ya shule, ambayo wazazi wamo. Kwenye karatasi kamati hii ndiyo mwenye shule. Kwa vitendo huitwa kupiga muhuri mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Haina sauti juu ya mwalimu anayeletwa wala anayeondolewa. Mara nyingi hata barua ya benki inayoonyesha kilichoingia mwezi huu haiioni. Watoto wakifeli, Wizara inamtazama TAMISEMI, TAMISEMI inamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi anamtazama mwalimu, na mwalimu anamtazama mtoto. Mtoto hana wa kumtazama.

Matunda yake tuliyala hadharani. Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma na kuandika. Miezi michache baadaye, Februari 2013, yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Watahiniwa 240,903 walipata sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Serikali ilifanya nini? Mei 2013 ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Badala ya kumtibu mgonjwa, ikavunja kipimajoto.

Wengi wa wale 240,903 walitoka shule za kata, zile tulizozibatiza yebo yebo, zilizojengwa haraka chini ya mpango wa sekondari ulioanza 2004. Jengo lilisimama, maabara hakuna, mwalimu wa hisabati hakuna. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa umeegemea mkokoteni unawajua. Pengine ni mmoja wao. Uliambiwa huna akili. Hukuambiwa kwamba shule yako ilikosa mwalimu wa fizikia kwa sababu kijiji hakikuwa na nyumba ya kumlaza wala umeme wa kumulika madaftari, naye akatafuta uhamisho kuja mjini.

Na asije mtu kutuambia watu wa Pwani hawapendi shule. Minaki, shule ya tangu miaka ya 1920, iko hapo hapo Kisarawe. Imepeleka vijana vyuo vikuu kwa miongo mingi, kwa kuwa wakubwa waliamua ipate walimu, na vijana hao hutoka kila pembe ya nchi. Udongo ni ule ule na maji ni yale yale. Kinachotofautiana ni fungu na nani analilinda.

Tunachotaka kinatekelezeka. Kwanza, kila shule ipewe kiasi cha msingi kilicho sawa, iwe na watoto 200 au 2,000, ndipo ruzuku ya kichwa iongezwe juu yake. Paa halivuji kwa idadi ya vichwa. Pili, kiwango cha ruzuku kiangaliwe upya kila bajeti kwa bei za sokoni, kisiachwe kilale miaka 14 kama kilivyolala. Tatu, fedha iliyoingia na iliyotoka ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka, na kamati ya shule iwe na mamlaka ya kukataa matumizi isiyoyaelewa. Nne, mwalimu anayekubali kukaa mbali alipwe zaidi ya anayekaa mjini na ajengewe nyumba kabla ya kupangiwa kazi.

Vijana mlioko mjini, msiseme haya ni ya kijijini hayawahusu. Wadogo zenu wako huko, na kila mwaka wanashuka Mbagala na Gongo la Mboto na begi moja, wanakuja kugombea nanyi kibarua kile kile. Likizo hii ukienda nyumbani, nenda shuleni kwenu. Muulize mwenyekiti wa kamati mwezi uliopita iliingia shilingi ngapi. Akishindwa kukujibu, usimgombeze mzee wa watu. Mwandikie diwani, na wakija kuomba kura waulize wagombea wote, wa chama tawala na wa upinzani, swali hilo hilo mbele ya mkutano.