Binti kachaguliwa vyuo viwili vya udaktari, mzazi afanye nini?

Chukua mfano wa familia ya mkulima wa vitunguu swaumu kule Dongobesh, wilayani Mbulu. Binti amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, ameomba kusomea udaktari, na majina yanapotoka amechaguliwa vyuo viwili: Muhimbili (MUHAS) cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha KCMC cha Moshi.

Vigelegele havijaisha, ubishi unaanza. Baba anasema Muhimbili ndiyo yenye jina. Mama anasema Moshi ni karibu, mtoto akiugua atafikika. Mjomba anauliza swali moja tu: ada atalipa nani?

Mjomba ameanzia pazuri.

Jina la chuo lisiwakoseshe usingizi. Kote kuwili shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Baraza la Madaktari Tanganyika husajili wahitimu wa vyuo vyote viwili. Muhimbili wanafunzi hujifunzia katika hospitali ya taifa. Moshi hujifunzia KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa wa kanda ya kaskazini, wakiwamo wa Manyara.

Tofauti kubwa iko mfukoni. MUHAS ni chuo cha serikali, na ada yake ni nafuu. KCMC ni chuo cha kanisa, ada iko juu. Mkopo wa HESLB unaweza kutolewa kwa mwanafunzi wa chuo chochote kati ya hivyo, lakini hutegemea hali ya familia, na si lazima ulipe ada yote. Tena majibu ya mkopo mara nyingi huja baada ya muda wa kuthibitisha chuo kupita.

Kwa hiyo chukueni daftari, mpige hesabu mbili kwa kila chuo: akipata mkopo, na akikosa. Andikeni ada, chumba, chakula na nauli, kisha zidisheni mara 5. Bei ya vitunguu swaumu hupanda na kushuka, ila ada haifuati soko. Kama hesabu ya bila mkopo inamaliza ng'ombe wote mwaka wa pili, wakati wadogo zake nao wanasoma, semeni ukweli huo mapema, binti akiwepo. Naye ajue mkopo ni deni: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Jambo la mwisho ndilo huwaponyoka wengi. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa na TCU kuthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoombea. Kama maombi yalijazwa steshenari mjini kwa simu ya mwenye duka, mtafuteni leo. Muda wa kuthibitisha ni mfupi, na ukipita, nafasi aliyoihangaikia miaka miwili inaweza kupotea.

Hesabu zikionyesha vyuo vyote viwili vinawezekana, baba na mama wanyamaze kidogo. Atakayeamshwa saa tisa usiku kwenda wodini ni binti. Aulizwe yeye anataka kwenda wapi, na kwa nini.