Babu Alitaka Kurudia

Kila nikisema mbele ya watu kwamba nasikiliza Bach, hasa Bach aliyepigwa na Glenn Gould, huwa napata mojawapo ya nyuso mbili. Ya kwanza ni ya wale jamaa wa ukombozi wa fikra, tunaokutana nao kwenye usomaji wa mashairi Nairobi: ati msichana wa Ngomeni, kwao kamba na mashamba ya chumvi, anatafuta nini kwa Mjerumani aliyekufa 1750? Hawa nawasamehe. Ya pili ni ya wapenzi wa muziki huo wenyewe, ambao hunifurahia kupita kiasi, kama waliomwona mbuzi akisoma gazeti. Wakishafurahi hunipa hotuba. Bach si wa Wazungu, dada, Bach ni wa wanadamu wote. Ushahidi? Si NASA walimpeleka angani!

Haya, twende na huo ushahidi wao.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 2 tarehe 20 Agosti na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Kila kimoja kilibeba sahani ya santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye vipande 27 vya muziki, dakika 90 hivi, ili huko mbele akitokea mwenye masikio ajue tulikuwepo. Kamati iliyochagua iliongozwa na Carl Sagan. Bach yumo mara tatu. Mojawapo ni preludi na fuga ya kwanza ya kitabu cha pili cha Das Wohltemperierte Klavier, na mpigaji ni Gould, Mkanada wa Toronto. Leo Voyager 1 ndicho kitu kilichotengenezwa na binadamu kilicho mbali kuliko vyote. Vidole vya Gould vimefika huko.

Sasa, kwetu habari za roketi si hadithi za kupewa. Ukisimama ufukweni Ngomeni unayaona majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Kuanzia 1967 hadi 1988 satelaiti zilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, pale pale iliruka satelaiti ya NASA, ya kwanza kabisa kuundwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni. Wakaiita Uhuru. Ilifanya kazi hadi 1973 na ikaonyesha zaidi ya vyanzo 300 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, alikuja kupata Nobel ya fizikia 2002. Kwa hiyo neno la Kiswahili lilipanda juu kutoka kijijini kwetu miaka karibu saba kabla ya Bach kuondoka Florida. Tofauti ni kwamba letu lilishuka, likaungua 1979.

Hiyo sahani ya dhahabu ina pia salamu katika lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kimo Kiakadi, kimo Kisumeri, kimo hata Kihiti, lugha isiyo na mtu hata mmoja wa kuitikia salamu. Kiswahili hakimo. Salamu nyingi zilirekodiwa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa sauti za watu waliopatikana pale karibu. Basi huo ndio “wanadamu wote” tunaohubiriwa: waliokuwa karibu na maikrofoni.

Lakini si lugha iliyoniuma. Kilichoniuma ni orodha ya muziki, nilipoisoma polepole usiku mmoja nikiwa na chai yangu. Kipande cha Gould ni dakika 4 na sekunde 48. Afrika yote kusini ya Sahara ina vipande viwili: ngoma za Senegal, dakika 2 na sekunde 8, na wimbo wa jando la wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, sekunde 56. Jumlisha uone. Wote pamoja hawamfikii Gould peke yake.

Hata hilo ningelimeza. Ila tazama majina. Mbele ya Bach imeandikwa: amepiga Glenn Gould. Mbele ya Senegal: amerekodi Charles Duvelle. Mbele ya Ituri: amerekodi Colin Turnbull. Kwao jina ni la mpigaji. Kwetu jina ni la aliyeshika kinasa sauti. Wale wasichana wametoka nje ya himaya ya jua wakiimba, na hakuna aliyewauliza wanaitwa nani.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, wala si kwa Bach.

Niseme kidogo kwa nini nampenda. Piano ina sauti 12 kabla hazijaanza kujirudia. Kwa kila moja Bach alitunga preludi na fuga katika ngazi kubwa na katika ngazi ndogo, jozi 24, kisha baada ya miaka akarudia safari yote, zikawa 48. Preludi ni kama mtu anayejaribu milango kabla hajaingia. Fuga (watu wa Malindi, ambao Kiitaliano cha ufukweni tunakijua, tutasema maana yake ni kukimbia, wala si kufuga kuku) huanza na sauti moja ikisema jambo fupi peke yake. Ya pili inamjibu kwa maneno yale yale kutoka mahali pengine, lakini ya kwanza hainyamazi. Ya tatu inaingia. Ni baraza la wazee baada ya alasiri, kila mmoja analo lake na hakuna anayengoja zamu, isipokuwa hawa, kwa muujiza fulani, wanaelewana. Wapiga piano wengi hulifunika baraza hilo kwa mwangwi. Gould analipiga kavu, kila noti imekatwa, unamsikia kila mzee na kikohozi chake. Na yeye mwenyewe anaguna humo ndani, hawezi kujizuia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga nzumari. Harusi za kutoka Mambrui hadi Marereni zilimjua. Nzumari si filimbi ya kuchezea: mashavu yanasukuma upepo huku pua inavuta mwingine, ili sauti isikatike, na ukikosea hesabu ya pumzi umeaibika mbele ya bibi harusi. Siku moja nikiwa kidato cha pili walikuja wageni wenye vifaa vizuri sana, wanakusanya muziki wa asili. Walifika saa sita mchana. Babu alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake kifupi alichozoea. Wakamhamisha, wakamweka chini ya mwembe, pana mwanga mzuri. Kuku walikuwa wanapita. Nikataka kuwafukuza, nikaambiwa waache, waache, inapendeza.

Akapiga. Katikati, kile kipande cha ukuti anachotia mdomoni kilikuwa kimekauka kwa jua, pumzi ikamponyoka, sauti ikakatika kama mtu aliyepaliwa. Akamaliza kwa heshima, kisha akainua mkono: tuanze tena. Yule bwana akatabasamu. Akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna haja, iko safi, wanaitaka hivyo hivyo, ya asili. Mkalimani alikuwa mimi. Nikamgeukia nikamwambia, “Babu, wanasema imetosha.”

“Haijatosha,” babu akasema. “Waambie nimekosea.”

Nikawaambia. Wakacheka kwa upole, wakaanza kukunja nyaya.

Rekodi hiyo ipo mtandaoni. Jina la aliyerekodi lipo kamili. Babu ni “zumari, ngoma ya harusi, pwani ya Kenya”. Inadumu dakika 3 na sekunde 11, na kwenye dakika ya kwanza na sekunde 48 anapaliwa. Amefariki mwaka wa pili wa korona. Hakuna rekodi nyingine. Mtu aliyepiga harusi miaka hamsini bila kukatika, dunia itamsikia akikatika, kila siku, saa yoyote, bure.

Kabla hajafa nilimchezea Gould kwenye simu, barazani. Alisikiliza fuga mbili akiwa amefumba macho. Nilingoja aniulize huyu ni Mzungu gani, au mbona anaguna. Akauliza, “Mke wangu, huyu amerudia mara ngapi?”

Sikuwa na jibu. Baadaye nililipata kwa Gould mwenyewe. Huyu ni mtu aliyeacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akiwa na miaka 31, kwa sababu aliona jukwaa linamnyima nafasi ya pili. Preludi na fuga hizo 48 alizirekodi studioni kati ya miaka ya 1962 na 1971, kidogo kidogo. Katika insha aliyoiandika 1966 anaeleza habari ya fuga ya ngazi ndogo ya A, kitabu cha kwanza. Majaribio mawili yalimridhisha, la 6 na la 8. La 6 lilikuwa zito, noti zimeshikana. La 8 lilikuwa jepesi, noti zimeachana. Aliposikiliza tena baada ya majuma kadhaa akaona kila moja, likiwa peke yake, linachosha. Basi wakakata utepe, wakaanza na la 6, katikati wakaingia la 8, wakamalizia na la 6. Watu wakasikia fuga moja. Na yote hayo akiwa juu ya kile kiti chake cha kukunja, ambacho baba yake alimkatia miguu, na ambacho hakuna mtu aliyethubutu kumwambia akiache aende chini ya mti.

Gould, fundi mkubwa, ana ruhusa ya kukosea, kurudia, kukata na kubandika, na tukisikia tunaita ni ukamilifu. Babu, fundi mkubwa, anapewa nafasi moja mchana wa jua, na kosa lake linaitwa uhalisi. Nani aliamua kwamba muziki wetu ukirudiwa mara ya pili unaharibika? Kwamba mwembe na kuku ni sehemu ya utunzi? Bach kanisani kwake Leipzig naye alikuwa na watoto wanaokohoa na mishumaa inayovuta moshi. Mbona hamvirekodi?

Najua jibu la watu wa vinasa sauti: tusingekuja msingekuwa na chochote. Ni kweli, na nashukuru kwa zile dakika tatu, nazisikiliza kuliko nilivyo tayari kukiri. Lakini mtu aliyekuja na mashine yenye nafasi ya saa ishirini, akamnyima mzee dakika nne nyingine, asinidai shukrani ya pili.

Na sisi wa pwani tusijifanye malaika. Studio tunazijua zamani. Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay 1928 kurekodi, jina lake likaandikwa kwenye santuri, miaka 27 kabla Gould hajarekodi santuri yake ya Goldberg. Mombasa tulikuwa na duka la Mbwana Radio Service, likirekodi mataarabu na kuyauza, kila mwimbaji kwa jina lake. Mjini mtu alikuwa msanii. Ila ukitoka mjini ukaelekea kwa nzumari, kayamba na ngoma za mashambani, ghafla hakuna wasanii, kuna “utamaduni”. Ubaguzi huo hatukuletewa na Mzungu yeyote. Hata leo nzumari ikialikwa kwenye sherehe ya serikali hupewa dakika tano jua kali, wageni wakitafuta viti, na mtangazaji anasema, “Hicho kilikuwa kikundi cha ngoma za asili.” Kikundi gani? Nani ndani yake?

Kwa hiyo ndugu zangu wa ukombozi, msinipokonye Gould. Ndiye aliyenifundisha cha kudai. Na nyinyi wa “Bach ni wa wote”, mkitaka niamini, anzeni kwa kumpa kila fundi kile alichopewa wa kwenu: kiti chake, jaribio la nane, wembe wa kukata, na jina.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alijifunza nzumari kwa babu. Mchana anaendesha boda Malindi. Usiku anarekodi chumbani, godoro ameliegemeza ukutani, blanketi dirishani, joto la kufa mtu. Wiki iliyopita alinitumia faili kumi na nne kwenye WhatsApp, zote wimbo ule ule wa harusi. Nikazisikiliza zote. Nikamwambia mwanzo wa 9 ndio wenye pumzi, lakini mwisho wa 14 unaua, aunganishe.

“Dada,” akaandika, “hiyo si kudanganya?”

Nikamtumia ile fuga ya A, bila maneno. Tiki zimekuwa buluu. Bado hajajibu.