AFYA NYUMBANI: Lastiki Iliyomo Ndani ya Msuli

Apandaye kilima hutweta, lakini ashukaye ndiye aamkaye kesho yake mapaja yakimuuma. Kwa nini? Mkazi wa Batsinda, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, hahitaji kitabu kumthibitishia jambo hili. Kigali ni jiji la vilima, nao wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Askari aendaye zamu na mama arudiye na kapu kichwani hushuka pia, na jibu la swali letu limo katika kitu kidogo mno ndani ya misuli yao.

Kila uzi wa msuli umegawanyika katika vyumba vidogo vilivyopangwa mstarini kama mabehewa ya treni. Urefu wa chumba kimoja ni kama sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Ndani yake mna nyuzi nene za protini iitwayo miosini, na nyuzi nyembamba za aktini. Tangu mwaka 1954 wataalamu wameeleza kwamba msuli hujikunja kwa nyuzi hizo kuteleza, moja kando ya nyingine. Lakini maelezo hayo yaliacha swali moja. Msuli ukivutwa, ni nini huurudisha katika urefu wake wa kawaida?

Jibu lilianza kupatikana katika miaka ya 1970. Koscak Maruyama wa Japani alieleza habari za protini inayovutika ndani ya msuli. Mwaka 1979 Kuan Wang na wenzake, huko Marekani, waliitenga protini kubwa mno wakaiita titini, kwa kukumbuka majitu ya hadithi za Wagiriki wa kale. Baadaye ikafahamika kwamba watu hao walikuwa wakisema juu ya kitu kimoja.

Jina hilo linaistahili. Protini kuu ya ute mweupe wa yai imeungwa kwa asidi amino 385 hivi, lakini titini huweza kuwa na zaidi ya 34,000. Ndiyo protini kubwa kuliko zote zijulikanazo katika mwili wa binadamu. Mnyororo mmoja hutoka kwenye ukuta wa chumba hadi katikati yake.

Ili kuifahamu kazi yake, tazama mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, ule ambao mwenye baiskeli hufungia mzigo wake. Ukiuvuta hunyooka, ukiuachia hurudi. Titini hufanya hivyo kwa hatua. Kwanza mnyororo uliolegea hunyooka, kisha sehemu yake laini hufunguka. Nguvu ikizidi, baadhi ya mafundo yaliyokunjwa kama shanga huweza kukunjuka, na baadaye hujikunja tena. Aidha, titini huishikilia miosini katikati ya chumba ili isivutwe upande mmoja, na msuli unapofanya kazi, lastiki hiyo huwa ngumu zaidi.

Sasa turudi kwenye mteremko. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hukaza ili usianguke, na papo hapo hurefushwa na uzito wa mwili. Ndipo titini husaidia kubeba mzigo. Msuli usiozoea hupata majeraha madogo katika baadhi ya vyumba vyake, na maumivu huongezeka kwa siku moja hadi tatu. Wengi husema ni asidi iliyobaki msuluni, lakini asidi hiyo huondoka baada ya saa moja au zaidi kidogo. Dawa iliyo bora ni mazoea. Kurutu au mtu anayeanza mazoezi na aanze kwa miteremko mifupi, bila mzigo mzito, kisha aongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali, mtu asikae nyumbani. Aende hospitali mara moja.

Liko jambo kubwa kuliko maumivu ya paja. Moyo nao ni msuli, na titini yake ndiyo mojawapo ya mambo yanayoamua jinsi unavyotanuka kupokea damu kabla ya kuisukuma. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao moyo wao umetanuka na kudhoofika kwa sababu ya kurithi, kiasi cha robo walikuwa na hitilafu iliyoikata titini isikamilike. Mwaka 2016 hitilafu kama hizo zilionekana pia kwa baadhi ya akina mama waliopata udhaifu wa moyo karibu na wakati wa kujifungua. Si kila mwenye hitilafu huugua, na si kila udhaifu wa moyo hutokana nayo.

Hivyo basi, mama mjamzito au aliyejifungua akishindwa kupumua alalapo chali, akichoka kupita kiasi au miguu ikimvimba zaidi kila siku, jamaa wasiseme tu, “Ni uchovu wa uzazi.” Apelekwe kituo cha afya upesi, apimwe moyo. Na katika nyumba ambamo mtu alifariki ghafla akiwa kijana, au aliugua moyo uliotanuka, ndugu zake wamweleze mganga habari hiyo wanapopimwa, hasa kabla ya kuanza mazoezi mazito.

Msuli ni mali ya kila nyumba. Tuuzoeze kwa kiasi, na tusipuuze dalili za moyo.