Mlango wa Kubisha Hodi Uko Harrisburg



Kitabu chetu cha mwaka hujaa harusi, watoto waliozaliwa, vijana waliohitimu, na wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Ndivyo ipasavyo. Lakini naomba kurasa chache nizungumzie bajeti ya serikali. Najua neno hili likitajwa, wengi watafunua haraka kwenda kwenye picha. Nawaomba subira, kwa sababu jambo lenyewe limo majumbani mwetu: ni basi la usiku la wanaofanya kazi hospitali na kwenye nyumba za wazee, ni maktaba wanakokaa watoto wakitoka shule, ni kliniki ya jiji anakopelekwa bibi kupimwa presha.

Hoja yangu ni moja. Sisi tunaokaa Philadelphia hulalamika sana huduma zikikatwa, lakini hulalamika wakati umekwisha, na mbele ya mtu asiye na uwezo. Tunamgombeza dereva wa basi, tunamlaumu meya, tunanung'unika barazani baada ya chakula. Mara nyingi shauri lenyewe limeamuliwa Harrisburg, makao makuu ya jimbo la Pennsylvania, mwendo wa saa mbili kwa gari, na watu ambao wengi wetu hatujui hata majina yao.

Tuanze na ngazi za utawala, maana hapo ndipo tunapochanganya mambo. Jiji lina meya na Halmashauri yenye madiwani 17: 10 wanawakilisha sehemu zao, na 7 wanawakilisha jiji zima. Jimbo lina gavana na Baraza la Kutunga Sheria lenye nyumba mbili: Wawakilishi 203 na Maseneta 50. Juu yao ndiyo Washington, ambayo televisheni haiachi kuitangaza. Kwa hiyo mtu anaweza kumjua rais, mawaziri wake na ugomvi wao wote, asimjue mwakilishi wa jimbo ambaye ofisi yake ipo mtaa wa pili.

Kisheria jiji ni mtoto wa jimbo. Haliwezi kujitungia kodi lipendavyo. Likitaka kuongeza kodi ya mauzo, yaani ile senti unayoongezewa ukinunua sufuria au sabuni, lazima lipewe ruhusa na Harrisburg. Tena jiji halina ruhusa ya kupitisha bajeti ambayo matumizi yake yanazidi mapato. Fedha ikipungua na ruhusa ya kodi ikichelewa, limebakiwa na kisu tu. Wenye jamaa Kenya wataelewa upesi: tangu mwaka 2013 kaunti 47 zina magavana wake, lakini mgawo wa fedha ukikwama Nairobi, mishahara ya kaunti huchelewa hata kama gavana wao ni hodari.

Sasa nitoe mfano ambao wenyeji wa siku nyingi hapa wanaukumbuka. Mwaka 2008 mabenki ya Wall Street yalipotikisika, mapato ya Philadelphia yalianguka. Mwezi wa Novemba mwaka ule Meya Michael Nutter alitangaza kwamba katika mpango wa miaka mitano jiji lingepungukiwa na zaidi ya dola bilioni moja. Miongoni mwa dawa alizotaja ni kufunga matawi 11 ya maktaba kati ya 54. Kingsessing lilikuwamo, na Logan pia. Hizo si sehemu za matajiri. Ni sehemu ambazo mtoto asiye na kompyuta nyumbani huifuata maktaba, na mtu mzima huenda huko kujaza fomu ya kazi.

Wakazi hawakungoja siku ya kufungiwa. Walikusanyika mbele ya matawi yao, wakaenda kwenye mikutano, kisha baadhi yao pamoja na madiwani watatu wakafungua kesi. Walikuta sheria ya jiji ya mwaka 1988 iliyosema kwamba meya hawezi kufunga jengo la huduma la jiji bila idhini ya Halmashauri. Tarehe 30 Desemba 2008, siku moja tu kabla ya kufuli kutiwa, Jaji Idee Fox aliwapa haki. Matawi yakabaki wazi. Zingatieni kwamba walioshinda hawakuwa watu wakubwa. Walikuwa wasomaji wa maktaba waliojua kwamba ipo sheria, na waliojua mlango wa kubisha.

Lakini kuzuia kufuli hakuleti fedha. Mwaka uliofuata, 2009, jiji liliomba ruhusa Harrisburg ya mambo mawili: kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 7 hadi 8, na kuahirisha kwa muda sehemu ya michango ya pensheni za wafanyakazi wake. Bila ruhusa hiyo, meya alisema, ungefuata mpango wa tatu: wafanyakazi wapatao 3,000 waachishwe, polisi na wazimamoto wakiwamo, takataka zizolewe mara moja kila wiki mbili, viwanja na kumbi za vijana zifungwe, na maktaba zote, si 11 tena bali zote 54, zifungwe jioni ya tarehe 2 Oktoba. Tangazo lilitolewa kwa wasomaji wote. Baraza la jimbo lilikubali tarehe 17 Septemba, wiki mbili tu kabla ya siku hiyo. Na bajeti ya jimbo lenyewe haikutiwa saini na Gavana Ed Rendell mpaka tarehe 9 Oktoba, siku 101 baada ya muda wake kupita.

Ile kodi ya nyongeza iliruhusiwa kwa miaka mitano tu. Ilipokaribia kwisha, Harrisburg ikairefusha, na sehemu kubwa ikapewa shule. Ndiyo maana mpaka leo Philadelphia tunalipa asilimia 8, ilhali sehemu nyingi za jimbo zinalipa 6. Sisemi kodi hiyo ni mbaya. Shule zinahitaji fedha. Nasema kwamba kila mwenye kununua sufuria mjini hapa, awe raia au si raia, awe na karatasi zote au anazingoja, analipa. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Pengine mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi tutazame mwaka 2025. SEPTA, shirika la mabasi na treni, halipo chini ya meya. Liliundwa kwa sheria ya jimbo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka huko. Mwaka huo lilikuwa na upungufu wa dola milioni 213. Bajeti ya jimbo ilitakiwa kuwa tayari kabla ya tarehe 1 Julai, haikuwa. Tarehe 24 Agosti SEPTA likafuta njia 32 za mabasi na kufupisha nyingine, na kesho yake shule zikafunguliwa. Mnakumbuka wenyewe asubuhi zile: mtoto kituoni, mama anatazama saa, basi halipo.

Mahakama iliamuru huduma zirudishwe, na serikali ya Gavana Josh Shapiro ikaruhusu SEPTA kutumia hadi dola milioni 394, kwa miaka miwili, kutoka fungu lililokusudiwa matengenezo na mitambo mipya. Nauli nayo ikapanda kutoka dola 2.50 hadi 2.90. Bajeti ya jimbo ikatiwa saini tarehe 12 Novemba, miezi minne na zaidi baada ya wakati wake. Mabasi yakarudi, alhamdulillahi, lakini tusijidanganye. Mkulima anayekula mbegu hushiba mwaka huu, njaa ameiahirisha. Fungu la matengenezo likiliwa, swali linarudi pale pale Harrisburg.

Yafaa tuwe waadilifu. Wajumbe wanaotoka wilaya za mashamba na migodi, mbali na jiji, wana hoja yao. Huwauliza watu wao: kwa nini mkulima asiyepanda treni maisha yake alipie treni ya Philadelphia, na barabara yake ina mashimo? Na wanadai kwamba jiji litunze fedha vizuri kwanza. Si maneno ya kupuuza. Jibu lake ni kwamba Philadelphia na viunga vyake huingiza sehemu kubwa ya kodi za jimbo, na mfanyakazi asiyefika kazini halipi kodi. Lakini hoja hiyo haijisemi yenyewe. Wa mashambani huwapigia simu wajumbe wao kila siku. Wetu wakinyamaza, mizani hulala upande mmoja.

Kuchelewa kwenyewe ni gharama, hata kama mwisho fedha hutoka. Katika mvutano ulioanza Julai 2015 jimbo lilikaa karibu miezi tisa bila bajeti kamili. Wilaya za shule zilikopa mamia ya mamilioni ya dola ili walimu walipwe na taa ziwake. Riba ya mikopo ile ilitoka katika fedha za watoto. Fahali wawili walipigana, na sote twajua kilichoumia.

Najua majibu tunayopeana sisi kwa sisi. La kwanza: "Sisi wageni, siasa yao inatuhusu nini?" Mtu aliyekaa miaka 20, aliyezalia hapa na kuzikia hapa, anajiita mgeni mpaka lini? La pili: "Wengi wetu hatuna uraia, hatupigi kura." Hapa nasema kwa msisitizo, na wazazi wawaeleze vijana: asiye raia asijiandikishe kupiga kura wala asipige, hata kama mtu mwenye karatasi mkononi amemwambia mlangoni kwamba haina neno. Jambo hilo laweza kumharibia makazi na kumrudisha alikotoka. Lakini kusema ni jambo lingine. Sheria ya mikutano ya wazi ya Pennsylvania humpa nafasi ya kusema mbele ya baraza la mji wake mkazi au mlipa kodi. Haikutaja pasipoti.

La tatu ndilo linalonisikitisha: "Kiingereza changu kibovu, watanicheka." Shangazi zetu husimama mbele ya bwana harusi na ukoo wake wote, wakapanga mahari mpaka mtu akatoka jasho. Watu hawa washindwe kueleza kwamba basi la saa kumi na moja alfajiri halipo? Kijana wa nyumbani aende naye akalimani. Hiyo ndiyo faida mojawapo ya kusomesha.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji mchango.

Kwanza, kila nyumba ibandike jikoni, karibu na ratiba ya sala au ya shule, majina mawili: diwani wa sehemu yenu na mwakilishi wenu wa jimbo. Mwakilishi ana ofisi mtaani, na watu wake husaidia kujaza fomu, kama ile ya wazee wa miaka 65 na zaidi wenye kipato kidogo kurudishiwa sehemu ya kodi ya nyumba au ya pango. Nendeni kwa hilo kwanza, mjuane. Mtu anayekujua kwa jina husikiliza zaidi utakaporudi na swali la basi.

Pili, tushike kalenda. Meya hupeleka bajeti yake kwa Halmashauri mwezi wa Machi. Vikao vya kusikiliza watu hufuata majira ya kuchipua. Na mwaka wa fedha, wa jiji na wa jimbo pia, huanza tarehe 1 Julai. Mwenye neno aseme kati ya Machi na Juni. Anayekuja Septemba na hasira amekuta sahani zimeoshwa.

Tatu, wale wenye uraia wapige kura zote, si ya rais peke yake. Wawakilishi wa jimbo huchaguliwa kila miaka miwili, na mara nyingi mshindi hujulikana tangu uchaguzi wa mchujo wa majira ya kuchipua, ambao watu wachache hujitokeza. Katika uchaguzi wa namna hiyo ukoo mmoja mkubwa kama wetu, ukienda pamoja, unaonekana.

Wazee wetu walipofika mji huu walichangiana pango, walizika maiti zao kwa heshima, na walilea watoto wa wenzao. Hayo yote tumeyaendeleza wenyewe bila kumwomba mtu. Lakini maktaba, basi na kliniki hatuwezi kuvichangia kwa bahasha ya arusi. Ni mali ya wote, na mali ya wote hulindwa kwa kuhudhuria.

Haya ni maoni yangu. Mwenye rai nyingine aiandike, na kitabu cha mwakani kimpe ukurasa. Ila kabla hamjaenda kwenye picha, mmoja wenu aulize hapo mlipokaa: mwakilishi wetu wa jimbo ni nani? Ikiwa hakuna ajuaye, kazi ianze usiku huu.